Kumnyoa Musyoka

Mueni alikuwa ameuficha wembe ndani ya debe la unga, chini kabisa, ameufunga kwa kipande cha leso kuukuu. Kila alipochota unga wa sima aliutia mkono polepole kama mtu anayechokora shimo la nyoka. Hakuogopa kujikata. Aliogopa kwamba siku moja mumewe angemwuliza wembe uko wapi, na yeye, ambaye uongo haujawahi kumkaa mdomoni, angeligeukia lile debe na kulitazama.

Ulikuwa wembe wa kukunja, wa vinyozi wa zamani, ule unaolala ndani ya mpini wake wa pembe mpaka mtu aufunue. Mwenyewe ni Musyoka, mume wa Mueni, mchonga vinyago. Walishuka Malindi kutoka Ukambani wakiwa bado wachanga katika ndoa, wakapanga chumba Maweni, na tangu hapo mikono ya Musyoka ilitoa twiga, vifaru na wazee wenye fimbo wasio na idadi, watalii wakawabeba mpaka kwao Ulaya. Miaka yote hiyo alijinyoa kwa mashine, ile ndogo ya chuma unayoitia wembe wa kawaida, ukaikaza, ukajikwangua nusu umelala. Halafu, mwaka mmoja kabla ya balaa, akaanza kuionea mashine haya. Mtu anayeshika patasi kutwa kucha, alisema, atajinyoaje kwa kitu kilichotengenezewa watu wanaoogopa nyuso zao?

Akaenda kwa Baya, kinyozi wa karibu na soko, akamganda mpaka mzee akamwachia wembe wake mmoja na kumfundisha. Siku za mwanzo Musyoka alifika kwenye banda la wachongaji na uso uliochanjwachanjwa, wenzake wakamcheka wakashika mbavu, wakamwuliza kama amelala na paka. Lakini ile ilikuwa mikono, si vijiti. Haukupita muda akawa anaunoa wembe kwa jiwe lilelile la patasi zake, anaumalizia kwenye mkanda wa ngozi, na anatoka nje na mashavu laini hivi kwamba Mueni akawa anayagusa akipita, bila sababu yoyote.

Basi mikono hiyo ndiyo iliyokwenda. Alikuwa amepeleka gogo la mpingo lipasuliwe kwa mtu mwenye msumeno wa umeme, akalishika mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu na mpingo wake. Gogo likaruka. Mkono wa kulia ukalifuata, na wa kushoto, kwa upumbavu wa mikono yote duniani, ukaenda kumsaidia mwenzake. Aliporudi kutoka hospitali, wa kulia uliishia kwenye kifundo, na wa kushoto ulikuwa umebaki na kidole gumba peke yake, nacho kilisimama wima kama msumari, hakikunjiki wala hakishiki.

Tuseme ukweli, watu walikuja. Wachongaji wenzake walikuja, watu wa kanisani walikuja, wakakaa, wakatikisa vichwa, wakanywa chai, wakaenda zao. Musyoka akawafukuza wote mmoja mmoja kwa kunyamaza. Mwishowe akasema hataki mwanamume yeyote aingie kumwona analishwa kama mtoto. Mueni akabaki naye peke yake, na binti yao Ndunge, aliyekuwa anatoka asubuhi kwenda shule na kurudi na pakiti yake ya maziwa ya shule, akiibeba kwa mikono miwili ili ampe baba yake. Baba yake hakuinywa. Alisema maziwa ni ya watoto.

Siku moja Mueni alitoka kuanua nguo akamkuta kwenye kisima cha ua, kifua amekilaza juu ya ukingo, miguu inasukuma chini, amekwama kwa sababu hana cha kujivutia. Alimshika mkanda wa suruali akamrudisha nyuma. Hakupiga kelele, maana majirani wangetoka. Musyoka alikaa chini kwenye matope akazitazama bandeji zake.

"Hata kufa kunataka vidole," alisema.

Hawakulizungumza tena jambo lile. Jioni hiyo ndipo Mueni alipouzika wembe kwenye unga, ingawa alijua fika kwamba mtu asiye na vidole hawezi hata kuufungua. Moyo hauulizi mambo hayo. Moyo uliona chuma chenye makali ndani ya nyumba ukataka kisionekane.

Ndevu lakini haziangalii msiba wa mtu. Zikaota, na Musyoka, aliyekuwa hataki chochote, akataka kunyolewa. Mueni akaitafuta mashine ya zamani, akaitia wembe mpya, akamnyoa kadiri alivyoweza. Ndevu za Musyoka ni za kujisokota. Mashine ilizikata chini kabisa, nazo zikajikunja zikarudi ndani ya ngozi, na baada ya mara chache shingo yote na kidevu vikawa vipele, vipele vikatunga usaha, na kila alipompitishia mashine tena vilipasuka na kumtoa damu. Alikuwa hawezi kujikuna. Alikuwa anasugua shingo kwenye nguzo ya mlango kama ng'ombe, na Mueni akimwona alikuwa anageuka kando alie.

"Niletee wembe wangu," Musyoka alisema. "Huo hauchimbi ngozi. Ninyoe kwa huo."

"Sijui kuutumia."

"Utajifunza."

Mueni hakuwa mjinga. Alimtazama machoni akaona kinachomtazama kutoka humo. Mkono ungekuwa wake, shingo ingekuwa ya mumewe, na kilichobaki ni shingo kwenda mbele kidogo tu. Musyoka alikuwa ametafuta mkono wa kumsaidia, na mkono aliouona ni huo. Mueni akasema hapana. Akasema wembe umepotea, akitazama ukutani.

Siku iliyofuata Musyoka alifunga mdomo. Si kufunga kwa ibada, kunakoishia jioni, maana alikataa usiku na mchana, na maji pia, ila tone moja moja alilokubali kutoka kwa Ndunge kwa kuwa mtoto alikuwa analia. Kijiko cha uji kilifika midomoni kikarudi. Mueni alibembeleza, akagomba, akapiga magoti. Yeye alirudia neno lilelile, bila hasira, kama mtu anayetaja bei.

"Nitakula siku utakayoninyoa kama mtu."

Mbavu zikaanza kuhesabika. Mueni alishika tama mlangoni akalipima jambo hili kwa kila upande, na kila upande ulikuwa na kaburi. Akimnyima wembe, njaa itamchukua. Akimpa, wembe utamchukua. Tofauti ilikuwa moja tu: njaa haikuwa inapitia mkononi mwake, na wembe ungepitia. Kwenye wembe angalau yeye angekuwepo kuuzuia. Akapiga moyo konde, akatia mkono ndani ya debe la unga, akatoka na wembe kwenye kikapu cha sokoni.

Kibanda cha Baya kilikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja na benchi la wanaume waliokuja kunyolewa na wengi zaidi waliokuja kukaa. Baya alikuwa Mgiriama wa Sabaki, mzee mwembamba aliyejifunza kazi Mombasa akiwa kijana. Mueni alipoingia, benchi lote lilinyamaza, maana mwanamke hana shughuli pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

"Sikupotea. Nataka unifundishe kunyoa kwa wembe wa kukunja."

Benchi likaangua kicheko. Mmoja akasema wanaume wa Malindi sasa wamekwisha, wake zao wanawachukulia mpaka ndevu. Mueni akasubiri wamalize.

"Ni Baba Ndunge," alimwambia Baya. "Musyoka, mchongaji."

Baya aliacha kucheka kabla ya wengine. Alimfuta sabuni mteja aliyekuwa kitini akiwa amenyolewa upande, akamwambia akanywe kahawa kwanza, kisha akawageukia wa kwenye benchi akawaambia nao wakamsindikize. Walipotoka alisema angekuja yeye mwenyewe Maweni amnyoe, hapana haja ya mwanamke kujitesa. Mueni akamweleza kwamba Musyoka hataki kuonwa na mwanamume yeyote, awe kinyozi, awe kasisi.

"Haya," Baya akasema. "Kalete papai bichi."

Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Papai bichi, kubwa, lililopakwa povu la sabuni, limeshikwa mapajani. Papai lina ngozi nyembamba na limejaa maziwa, na pale wembe unapokosea hata kidogo, ukisha kulipangusa povu unaona tone jeupe limesimama linakusuta. La kwanza la Mueni lilitoka likilia maziwa kila upande. Baya alimwonyesha kuivuta ngozi kwa mkono wa kushoto, kuulaza wembe karibu usinzie juu ya shavu, kuuacha uteleze bila kuukandamiza. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, huku nyumbani mtu anakonda. Papai la mwisho lilitoka kavu.

Baya akasema imetosha. Mueni hakuinuka.

"Mzee, na kama anayenyolewa ndiye anayeutaka huo wembe?"

Kinyozi hakumwuliza maana yake nini. Alikaa akaukunja mkanda wake wa ngozi, akaukunjua.

"Kazi hino ina siku zake," alisema. "Mtu anakuja kunyolewa, kumbe hakuja kunyolewa. Sikiliza, mwanangu. Usimnyoe ukiwa mbele yake. Simama nyuma, kichwa chake ukiegemeze tumboni mwako, hapa, chini ya kifua. Mtu hawezi kwenda mbele bila kwanza kukaza nyuma. Tumbo lako litalisikia hilo kabla ya macho. Ukisikia amekaza, inua wembe juu. Usiuvute pembeni, usimsukume. Inua tu."

"Na nisiposikia?"

"Utasikia. Umelala naye miaka mingapi?"

Njiani kurudi Mueni alifanya jambo la woga, na mimi simlaumu. Alipita nyuma ya nyumba, akaokota chupa, akaupitisha wembe kwenye mdomo wa chupa mara nyingi, makali yakila kioo, mpaka alipouweka juu ya ukucha wake ukateleza kama kijiko. Wembe usiokata hauui, alijiambia. Kisha akaupangusa vizuri, akaingia ndani akausimamisha mbele ya mumewe.

"Nimejifunza. Leo nakunyoa."

Musyoka aliutazama wembe, kisha uso wa mkewe, muda mrefu. Mueni alimkalisha kwenye stuli karibu na mlango penye mwanga, akampaka povu, akasimama nyuma yake, akakilaza kichwa tumboni mwake. Kilikuwa chepesi, na hilo lilimuumiza kuliko bandeji. Akauweka wembe shavuni akauvuta mara moja.

"Ngoja," Musyoka alisema. "Hiyo si sauti yake."

Mueni aliuinua wembe.

"Wembe ukiwa mzima unasema kama mtu anayepasua karatasi chumba cha pili. Huo unakwaruza. Umeufanyia nini?"

"Sijui."

"Umeuua, Mueni. Umeupitisha kwenye chupa." Aligeuza kichwa kumtazama, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali sauti yake ilikuwa na hasira, hasira hasa, ya fundi. "Wembe butu ndio unaokata watu. Unakwama, unaruka. Kalete jiwe langu."

Jiwe lilikuwa chini ya kitanda, ndani ya boksi la patasi ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa. Mueni akalileta, akalilowesha, akakaa sakafuni mbele yake, na Musyoka, povu likimkauka usoni, akaanza kumwongoza. Ulaze kabisa, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Nenda makali yakitangulia. Usiugeuze kwa makali, ugeuze kwa mgongo. Usiukandamize, uzito wake unatosha. Hapana, bado unalia juu, sikiliza, unalia juu kwenye ncha tu, katikati hapajaguswa. Alikuwa amefumba macho. Alikuwa ameinama kulisikiliza jiwe, na kile kidole gumba kilichosimama kilikuwa kinakwenda mbele na nyuma pamoja na mikono ya mkewe, bila yeye kujua.

"Hapo," alisema. "Umesikia? Sauti imeshuka. Sasa mkanda."

Mueni akafunga mkanda kwenye kitasa cha mlango akaupitisha wembe, huku na huku, kama alivyoambiwa. Musyoka akamwambia ang'oe unywele wake mmoja, aushike kwa ncha, auguse wembe. Unywele ulianguka bila kusikika. Musyoka akacheka, kicheko kidogo cha puani, kile alichokuwa akicheka zamani akimaliza sikio la kifaru.

Furaha iliyomjaa Mueni wakati ule ilikuwa ya kijinga, na ingekuwa ya mtu yeyote. Alijiona amempata mumewe. Alimpaka povu jipya akiwa anazungumza, akimweleza habari za papai na benchi la wanaume, na Musyoka akawa anaitikia. Alisimama nyuma yake. Wembe ulipita shavu la kulia na kweli ulisema kama karatasi chumba cha pili. Ulipita vipele bila kuvigusa vichwa. Alimaliza shavu, akamaliza chini ya taya, akakiinua kidevu, akaushusha wembe kwenye shingo.

Tumbo lake lilisikia. Kisogo kilimsukuma kidogo, kama mtoto anayecheza ndani, na mkono wake ukapanda juu kabla hajajua kwa nini. Musyoka alikwenda mbele kwa nguvu zote zilizombakia. Alikutana na hewa. Stuli ikapinduka, naye akaanguka kifudifudi sakafuni, juu ya mikono ambayo haikuweza kumpokea, akatoa sauti ambayo Mueni hakuwahi kuisikia kwa mtu wala kwa mnyama.

Alibaki amesimama, wembe juu ya kichwa chake mwenyewe. Kisha akaukunja akautupa kitandani, na hasira iliyomtoka haikuwa na kifuniko.

"Ulitaka niwe mimi," alisema. "Ndunge akirudi na maziwa yake akukute hapa, na mimi nimeshika wembe. Akikua aambiwe nani alikuua? Amwambie nini mchumba wake? Uliniimbia na jiwe lako, ukanifundisha kunoa, ukanichekea. Kumbe ulikuwa unaninoesha kwa ajili hiyo."

Musyoka alikuwa analia uso ukiwa sakafuni.

"Sina mkono mwingine, Mueni," alisema. "Sina. Ni wako tu."

Mueni alikaa chini kando yake. Alitaka kuondoka, achukue mtoto na basi la kwanza la kwenda kwao, na alilitazama wazo hilo kwa uwazi, akaliona lilivyo. Nje mtu alikuwa anateka maji kisimani, ndoo inagonga ukingo. Baada ya muda akamtia mikono kwapani, akamvuta, akamkalisha tena kwenye stuli. Damu ilikuwa imechuruzika kutoka kwenye bandeji ya kulia. Akaibadilisha. Akampangusa mchanga usoni, na povu lililokauka likatoka nalo. Upande mmoja ulikuwa laini kama wa zamani. Upande wa pili ulikuwa msitu na usaha.

"Uniache hivi," Musyoka alisema.

"Sikuachi hivi."

Alileta maji mengine ya moto. Alitengeneza povu. Aliuchukua wembe kitandani akaufunua, akasimama nyuma yake, na hakukivuta kichwa, maana alikuwa hajui tena kama ana haki ya kukivuta. Alisimama tu. Wembe ulikuwa unacheza mwangani, kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka, na kila alipojikaza ulizidi. Aliwaza kwamba sasa hatasikia. Tumbo lake lote lilikuwa linatetemeka pia, na lingeweza kusikia nini.

Musyoka aliona wembe kwa pembe ya jicho. Kisha akakiachia kichwa nyuma polepole mpaka kikamgusa mkewe.

"Mkono wako unatetemeka," alisema.

"Najua."

"Basi usianze. Ngoja utulie kwanza, utanikata."

Mueni akaushusha wembe ubavuni, wakangoja.